Taa ya Kumulika Ng'ombe Weusi

Mimi hakuna cha kunishangaza tena. Shule niliacha darasa la nne, lakini nimepiga picha harusi kuanzia Bariadi mpaka Shishiyu, na nyumba yangu ya bati la rangi imejengwa na kamera. Kwa hiyo yule kijana mpiga picha mwenye diploma aliponiaibisha kule Sapiwi sikushangaa. Niliweka moyoni.

Siku hiyo tulikuwa kwenye mahari, jenereta langu likazima na taa zangu za waya zikazima nalo. Yeye akatoa flashi ya betri kwenye begi, akaniuliza mbele ya wakwe, "Mzee, hizo taa ni za picha au za kuchomelea mageti?" Wakacheka mpaka wapishi.

Nikaenda Mwanza kununua ya kumzidi. Muuzaji akaanza habari za ngozi ya bibi harusi. Nikamwambia kwetu bibi harusi anaonekana hata kwa simu. Kazi ni ng'ombe wa mahari. Wakwe wanataka picha ya jioni, zizi zima, kila ng'ombe na rangi yake, na mweusi anameza mwanga wote. Taa za kuwaka muda wote nikazikataa, zinakula betri. Nikachukua flashi ya wati mia sita, betri humo humo ndani, inafungika nyuma ya pikipiki. Mwavuli wa kulainisha mwanga sikutaka, upepo wetu wa kiangazi naujua. Nikachukua stendi nzito na mfuko wa kujazia mchanga.

Tukakutana tena na yule kijana Lalago, kwenye mahari nyingine, yeye kaitwa na upande wa bwana harusi, mimi na baba wa binti. Jua likizama, upepo ukabeba mwavuli wake pamoja na flashi, ikapasuka. Akanifuata taratibu.

"Kaka mkubwa, niazime mwanga."

Sasa nimekuwa kaka mkubwa. Nikamjibu kwa sauti, wakwe wasikie, kwamba atapata, ila kwanza anishikie stendi. Akashika. Pilau ya siku ile haikuwa na utamu huo.

Nikapandisha nguvu mpaka mwisho, nikamwamuru aielekeze zizini. Nikapiga picha, ikawaka. Ng'ombe wakashtuka, wakavunja uzio, fahali mmoja akavunjika mguu.

Baba wa binti akaja. Ningeweza kumsingizia aliyeshika stendi, wote walimwona.

"Ng'wanawane, mwanangu, hii taa ni ya nani?"

Mchana kutwa nilikuwa nimemwambia kila mtu ni ya nani.

"Yangu, baba."

"Basi na fahali ni wako."

Nikalipa palepale kwa simu. Picha nimeitundika sebuleni: ng'ombe wote wanaonekana, na yule kijana pembeni kakumbatia stendi yangu. Flashi na fahali, jumla shilingi milioni mbili, laki mbili na elfu arobaini.