Paka Aliyeachwa Msituni

Sabina wa kijiji cha Rhotia hakuwa mtu wa kutesa mnyama. Ndiyo maana jambo alilomtendea Doa, paka wake wa kwanza, halijamtoka moyoni mpaka leo.

Doa alikuwa dume la kijivu, mkali wa panya, tena msafi. Kisha Eva, binti yake Sabina, akarudi nyumbani kujifungua, na wiki ileile paka akaanza kukojoa penye nepi, akilia kwa sauti nzito kama ya mtu. "Ana wivu. Anatukomoa," Sabina alisema. Siku alipokuta matone ya mkojo kwenye blanketi la mjukuu, alimtia Doa kwenye kiroba, akapanda bodaboda mpaka ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, akamwachia huko. Paka hakukimbia. Alichuchumaa palepale kwenye nyasi, akimtazama.

Miaka mitatu baadaye Tausi, paka jike aliyemfuata Doa, naye akaanza kukojoa sebuleni. Safari hii hakukuwa na mtoto mchanga wala mgeni. Sabina alisisimka mwili, kana kwamba Doa amerudi. Alimwomba Naisula, daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe, amtazame.

"Anachuchumaa mara kwa mara, mkojo unatoka kidogo?" Naisula aliuliza.

"Matone tu. Na kutwa anajilamba."

Daktari alimbonyeza Tausi tumboni polepole, paka akalia. "Kibofu kinamuuma, mama. Paka akibadilika ghafla, kwanza tunatafuta ugonjwa. Tukiukosa, ndipo tunauliza nini kimemvuruga nyumbani. Huyu umemuwahi. Angekuwa dume, mkojo ukaziba kabisa, siku mbili tatu zingemmaliza."

Sabina alikalia ndoo. Akamsimulia habari za Doa, zote, hata zile nyasi.

"Sikumwona," Naisula alisema. "Huenda kweli ujio wa mtoto ulimvuruga. Siwezi kukuambia."

"Lakini wewe unaonaje, mwanangu?"

Naisula alifunga mkoba wake. "Ningempima kwanza."

Tausi alipona kwa dawa. Fabian, mumewe Sabina, aliposikia kisa hicho alisema, "Alikuwa paka tu, Mama Eva."

Siku hizi akienda kwa dada yake huko Oldeani, gari likikaribia msitu huhamia kiti cha upande usioelekea miti. Mjukuu akiuliza kwa nini, humwambia jua linamchoma, hata siku za ukungu.