Hodi ya Ravna

Karasjok nzima, kijiji cha Wasami kaskazini kabisa mwa Norwe, mtu wa kubisha hodi alikuwa Ravna peke yake. Wengine waliingia tu, kama Wasami walivyoingia siku zote: unasukuma mlango, unakaa kimya karibu na kizingiti, mwenye nyumba anakutupia jicho na kuteleka birika la kahawa, na maneno yanakuja yakitaka yenyewe. Ravna alibisha. Alibisha hata kwa Sunna, mdogo wake wa tumbo moja.

"Haya, serikali imefika!" Sunna alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni. "Ficheni nyama!"

"Cheka tu. Wewe hukusoma vitabu."

Na kweli, vitabu ndivyo vilivyomharibu. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alipelekwa pwani kufanya kazi za ndani kwa mfanyabiashara Mnorwe, na kila alipofuta vumbi rafuni aliiba kurasa mbili tatu. Zilikuwa riwaya nene, zile ambazo Wanorwe wanajivunia mpaka leo. Alitafuta watu wake humo, akawapata, na heri asingewapata. Mlapi, maana ndivyo walivyoitwa, hakuwa na jina wala mama. Alikuwa mfupi, macho membamba. Aliingia bila hodi, akasimama mlangoni akiangaza-angaza, na alipoondoka ng'ombe alikauka maziwa au kijiko cha fedha hakikuonekana. Riwaya moja ilimwonea huruma. Humo alikuwa mpumbavu. Ravna alitafuta hata Mlapi mmoja tu aliyekunywa kahawa yake akaenda zake, asimpate.

Kisha mama yake akaja kumwona. Akaingia kama alivyoingia kila nyumba maishani mwake, akakaa karibu na mlango. Bibi mwenye nyumba alimpa kahawa, akamchekea. Mama alipotoka, Ravna akiwa jikoni alisikia droo ikivutwa, na vijiko vikihesabiwa kimoja kimoja.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kubisha hodi. Na kila Mnorwe aliyemchekea, moyoni alimuuliza: na wewe umesoma kipi?

Sasa binti yake, Bigget, alikuwa ameolewa na mwalimu Mnorwe, Torleif, na walikuwa wamepata mtoto. Mama yake Torleif, Gudveig, alikuwa mjane, hana mtoto mwingine. Mpango ulikuwa wazi: Gudveig angekuja kutoka kusini kukaa mwezi mmoja. Akipapenda, atahamia. Asipopapenda, Torleif hatamwacha mama yake azeeke peke yake. Atachukua mke na mtoto waende kusini. Ravna alijua hayo. Usiku na mchana alijiambia, mchekee huyo mama, mchekee.

Lakini Gudveig alishuka kwenye basi na kitabu kinene kwapani, jalada la ngozi ya kahawia. Ravna hakusoma jina lake. Aliona hakuna haja.

"Mama, mbona unamtazama mkwe wako hivyo?" Bigget alimnong'oneza.

"Namtazama vipi?"

"Kama mbwa mwitu kaingia zizini."

Siku ya kumi, asubuhi, Ravna alikuwa nyumbani na mjukuu, mtoto amefungwa vizuri kwenye susu yake, kile kitanda cha ngozi cha kubebea mtoto mchanga. Mlango ukafunguka. Gudveig akaingia bila hodi, akakaa kwenye kigoda cha mlangoni, mikono magotini, kimya.

Mtu mwingine angefurahi. Ravna alihisi shingo inakuwa ngumu. Anatuigiza, alijiambia. Akirudi kwao atawasimulia wavunjike mbavu.

Alimmiminia kahawa, akasahau kusudi kutia jibini, ambayo Wasami humtilia mgeni kikombeni. Gudveig aliinama juu ya susu, akapitisha mikono yake mikubwa kwenye kamba, akacheka na mtoto, akanywa, akashukuru, akatoka. Ndipo Ravna alipogeuka. Kidude cha fedha cha mama yake, kile kinacholia kama njuga, kinachoning'inizwa kwenye susu ili watu wa chini ya ardhi wasimwibe mtoto na kuacha wao badala yake, hakikuwepo.

Alitafuta blanketini, sakafuni, hata ndani ya buti zake. Hakuna. Akambeba mtoto na susu yake, akavuka barabara mpaka kwa Bigget, na kwa mara ya kwanza tangu usichana wake hakubisha hodi.

"Fedha ya mama yangu iko wapi?"

Gudveig alikuwa anamenya viazi. "Fedha gani, Ravna?"

"Usijifanye! Uliingia bila hodi, ukakaa mlangoni, ukiangaza-angaza..."

Maneno yale aliyajua. Alijua hata rafu alikoyatoa.

"Mama!" Bigget aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Kidude kikalia mkononi mwake. "Uzi ulikatika jana. Nilitaka kukitia uzi mpya."

Gudveig alikiweka kisu chini taratibu.

"Bigget aliniambia ndivyo mnavyotembeleana huku," alisema. "Nilijizoeza kwenye mlango wa chumbani. Nilidhani nimepatia."

Ravna alitaka kusema, umepatia. Badala yake aliiweka susu mezani, mtoto ndani yake. Alirudi nyumbani mikono mitupu, akipita dirishani kwa Sunna kichwa chini.

Kesho yake aliamka mapema. Aliteleka kahawa nzito, akakata jibini na kuitia kikombeni, akatoa nyama kavu nzuri aliyoiweka ya Pasaka. Mlango aliuacha wazi kidogo, baridi ikaingia, hakujali. Akakisogeza kigoda cha mlangoni karibu na jiko.

Akasikia nyayo kwenye theluji. Zikafika mlangoni, zikasimama.

Hodi ikabishwa mara tatu, polepole, kwa adabu.

"Ingia tu!" Ravna aliita, sauti ikampaa. "Kuko wazi!"

Hodi ikabishwa tena.

Akaenda kufungua. Gudveig alisimama nje na koti lake la safari, begi mkononi.

"Nimekuja kuaga. Basi langu ni saa sita. Torleif na Bigget watanifuata shule zikifungwa."

"Ingia kwanza, mkwe wangu. Kahawa imeiva."

"Asante," Gudveig alisema. "Hapa nje panatosha."

Miaka arobaini na mitatu Ravna alikuwa akibisha kwenye milango ya watu. Hakuwahi kujua hodi ile inavyomuuma aliye ndani.