Nani Amekuleta?

Tulipohama Kinoo kuja Kilimani, binti yangu wa miaka kumi aliacha marafiki wake wote nyuma, na hapa kwa fleti watoto hawaruhusiwi kucheza mahali pa kuegesha magari. Basi akahamia kwenye tableti, kwa mchezo wa kujenga nyumba na watoto asiowajua. Siku moja nikasoma ujumbe: mtu aliyejiita mtoto alikuwa anamwuliza anasoma shule gani, na kumwonya asiniambie. Naye hakuwa ameniambia. Wee! Niliinyakua ile tableti nikaifungia kabatini, nikafoka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe mtoto akaninunia, akawa anakula bila kuniangalia. Nilikuwa nimemkinga na mtu mbaya nikamwachia upweke, na iliniuma sana.

Chama chetu cha kuweka akiba kilipokutana kwangu, nikawalalamikia kina mama wenzangu. Mmoja wao kutoka mtaa wa Satellite, anayefanya kazi ya kompyuta, akanikatiza: "Kwani sisi tuliingiaje hapa?"

Kweli jamani. Kwa chama chetu haingii mtu bila mwanachama kumleta na kumdhamini, tena lazima tufike kwake tunywe chai. Jioni hiyo hiyo akatufungulia uwanja wetu ndani ya mchezo ule ule, wenye mlango unaofunguliwa kwa neno la siri. Wakaingia watoto wetu tu, wa Kinoo, Satellite na Kilimani, tableti niliyoitoa kabatini ikikaa sebuleni na sauti juu. Nyumba yangu ikajaa makelele, nami nikayapenda hata yaliponiumiza kichwa.

Jumamosi moja nikiwa jikoni nikasikia sauti ngeni kwa tableti ikiwasalimia watoto: "Niaje wasee." Kumbe mtoto mmoja wa wanachama alikuwa ametoa neno la siri shuleni, likasambaa. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, tayari kwa vita. Binti yangu alikuwa ameshanitangulia.

"Nani amekuleta?" akauliza.

Yule mtu akacheka, akasema yeye ni rafiki tu, mambo ya wazazi ya nini.

"Basi toka. Hapa kila mtu mamake anajulikana."

Akamfungia nje, wenzake wakashangilia. Mimi nimesimama pale na mwiko wangu, sina kazi, najivunia mtoto wangu. Kisha akaja, akanieleza kila neno alilosema yule mtu, kabla sijauliza.