Ngwe za Kando ya Barabara

Kosa la Mwanaamina lilikuwa kuuliza swali. Alikuwa kiongozi wa kikosi cha wanawake katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Magindu, na mwaka ule kila kikosi kilitakiwa kutaja lengo lake. Wenzake walitaka kusema "kuongeza uzalishaji", kama walivyosikia redioni. Yeye akasema, "Haya. Tutajuaje kama tumeongeza?"

Wakabishana asubuhi nzima, nusu yake matusi ya utani, mpaka wakaelewana. Lengo: masika yakiingia, mtoto asilale njaa. Dalili zake: uchaga wa kila nyumba, juu ya meko, uwe umejaa makopa ya muhogo, na madungu ya kulindia mashamba dhidi ya nguruwe pori yasikae bila mtu.

Lengo hilo akakabidhiwa Isihaka, katibu wa kijiji, alifikishe wilayani. Isihaka alikuwa mume wa Mwamvita, mdogo wake Mwanaamina. Na ni Mwanaamina aliyempigania apate ukatibu, kwa hoja kwamba ana mwandiko mzuri.

Isihaka alirudi na lengo lilelile. Kipimo ndicho kilichobadilika njiani: sasa zilihesabiwa ngwe zilizolimwa.

"Shemeji, makopa uchagani nani atayaona?" alisema. "Mgeni haingii jikoni kwa mtu. Ngwe zinaonekana hata ukiwa garini."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe hawamo kwenye taarifa, dada yangu."

Basi wanawake wakashushwa madunguni, wakalima kando ya barabara, ngwe zimenyooka kama safu za msikitini. Cha kupanda hakikuwapo. Mbegu za pamba zilikuwa bado zinajadiliwa wilayani. Nguruwe, ambao hawakualikwa mkutano wowote, walivuka lengo lao: waliufukua muhogo wa kikosi wote. Kilichosalia ni kile kipande cha nyuma ya nyumba ya Mwanaamina, alichokilinda mwenyewe. Akakivuna, akamenya, akaanika, akaficha makopa uchagani kwa ajili ya wanawe.

Kijiji kikashinda mashindano ya wilaya. Wageni walileta ngao, wakaitazama ardhi tupu kutoka garini, wakaisifu. Ikatangazwa kwamba Isihaka amepandishwa cheo, anahamia wilayani. Katika hotuba yake alishukuru watu wengi. Mwanaamina alisubiri jina lake mpaka makofi yakaisha.

Kisha Isihaka akamsogelea. "Shemeji, wageni hawajala. Tutaaibika."

"Wale nini?"

"Yale makopa yako. Mwamvita kaniambia."

Mwamvita alikuwa kando ya mumewe, ghafla ana shughuli kubwa na pindo la kanga yake.

Mwanaamina hakubisha, hakuwa mtu wa kumwacha mgeni aondoke na njaa. Akatwanga, akachekecha, akasonga. Isihaka aliomba kuongezewa.

Gari lilipoondoka, Mwamvita akaingia kusaidia kuosha sahani. Uchaga ulikuwa umebaki vumbi. Nje manyunyu ya kwanza ya masika yalikuwa yameanza.

"Dada, usinune. Si tumeshinda?"

"Weka sahani hapo," alisema Mwanaamina, "utoke. Mgeni haingii jikoni kwa mtu. Muulize mumeo."