Cheti cha Ofisini, Mashine ya Mgonjwa

Sijamsamehe, wala sina mpango huo. Wenzangu wa kanisani Koekelberg, hapa Brussels, wananihimiza niachilie. Naitikia amina, moyoni nasema: thubutu!

Tulikuwa Wakongo wawili tu kwenye karakana ile ya Schaerbeek, iliyotengeneza pampu za kulisha wagonjwa kwa mrija majumbani. Yeye, mtu wa Lubumbashi kama mimi, alikuwa injinia mkuu. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu. Mimi nilikuwa na diploma ya uinjinia ambayo Ubelgiji ilikuwa haijaitambua, kwa hiyo nililehemu nyaya. Bosi aliniahidi kwamba nikionyesha kazi moja ya kiinjinia, jina langu litaingia kwenye faili la pampu kama injinia na nitaachana na meza ya kulehemu. Nililitaka jina lile kufa na kupona.

Wakati huo tulikuwa tunachagua adapta, kile kiboksi kinachopunguza umeme wa ukutani. Ukinunua chenye cheti chake cha usalama, maabara ya kukagua usalama haikipimi upya. Inakagua cheti na kuendelea na mashine yenyewe. Yaya akachagua cha kompyuta. Mkutanoni nikasema cheti kile ni cha vifaa vya ofisini, na mtu aliyelala na mrija mwilini anahitaji adapta ya hospitali, yenye kinga mbili na isiyovujisha umeme hovyo.

Yaya akacheka, akanijibu kwa Kifaransa ili wote wasikie: "Cheti ni cheti, maman. Rudi kulehemu." Meza nzima ikaangua kicheko, bosi naye.

Nikarudi kwenye meza ya kulehemu. Pampu zikaenda maabara na adapta ya kompyuta.

Baada ya miezi mitatu zikarudi zimekataliwa, kwa sababu zilezile nilizotaja. Yaya akanifuata kwenye korido, sauti chini, Kiswahili cha nyumbani kabisa: "Mudogo yangu, tusaidiane. Ile adapta ulisemaka, tutaipata wapi?"

Ehee! Leo mimi ni mdogo wake? Nikamwambia aniulize mkutanoni, kwa Kifaransa, akiwa amesimama. Akasimama, akauliza, shingo imelowa jasho. Mungu anirehemu, raha ile sikuipata hata siku ya harusi yangu.

Nikatoa mkobani adapta ya hospitali, cheti chake na vipimo nilivyofanya mwenyewe. Bosi akasoma, akaandika jina langu kwenye faili palepale. Yaya akaona tarehe ya vipimo: vilifanywa kabla pampu hazijatoka karakanani.

"Ulikuwa nayo muda wote huu?"

"Nilikuwa nayo. Hukuniuliza."

"Wagonjwa wamengoja miezi mitatu," akasema.

Hilo ndilo pekee linaloniuma mpaka leo, na hilo nalo nimembebesha yeye.