Siku Waliyokataa Kuninyoa

Harufu ya sabuni ya kipande kwenye maji ya vuguvugu, pamoja na wembe mpya ukitolewa kwenye karatasi yake: hapo hasira hunipanda. Juzi nilikuwa namnyoa mwanangu uani, hapa Busia, nikalazimika kuuweka wembe chini. Nitawaeleza kwa nini, na asali sitapaka.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba ni Msamia wa hapa Busia, na mama aliuza nguo mpakani, kwa hiyo nililelewa Iyolwa na wazazi wa mama, Wapadhola. Kidhopadhola, lugha yao, ndicho nilichosali kwacho, ndicho nilichotukania. Babu alinifundisha kupalilia mtama bila kukata miche, na jioni asiponiona aliuliza mara tatu niko wapi. Halafu akafa.

Siku ya tatu baada ya maziko, watu wa marehemu hunyolewa kichwa. Wajukuu tulipanga foleni kando ya ghala, kila mmoja akiinama juu ya karai zamu yake ikifika. Mungu anisamehe, nilijivuna kama mtoto anayesubiri soda. Nilitaka kipara changu, kila mtu aone babu alikuwa wangu. Nilipoinama, mjomba Owor akauinua wembe juu.

"Na huyu je? Toka hapa, Msamia wewe. Enda kwenu Busia wakunyoe."

"Lakini mjomba, babu ni wangu."

"Babu yako iko Busia, nakula samaki."

Watu wakacheka. Msibani, wakacheka! Binamu zangu wakadakia lile tusi la Wasamia, watu wa ziwani: "Samaki! Samaki!"

Nikamtazama nyanya. Alikuwa mkekani, kichwa chake kimeshanyolewa, macho chini. Mwanamke aliyewahi kumfokea padri kwa kuchelewesha misa, siku ile hakusema neno.

Nikakaa wiki nzima na nywele zangu katikati ya vipara. Kila aliyekuja kutoa pole alijua papo hapo nani si wa pale. Likizo ikafika, nikapelekwa kwa baba. Shangazi aliponisikia nikiamkia akashika kiuno: "Haya, na huyu Mdama ametoka wapi? Hebu sema tena tucheke." Mdama ndilo jina wanalowaita Wapadhola wakitaka kuwaudhi. Nikajifunza Kisamia kwa hasira tupu, mpaka nikawa naota kwacho. Leo sokoni watu huniita mjanja, eti nageuka kulingana na anayeniuliza. Mjanja gani? Mlinifukuza huku na huku, mlitaka nikae wapi?

Mwaka juzi nyanya akafariki. Mama akapiga simu nijiandae twende Iyolwa. Nikamwambia, "Mimi ni Msamia. Huo msiba si wangu." Nikakata simu, nikaendelea kukaanga dagaa.

Wiki mbili baadaye mama alikuja kuona mtoto, akanieleza kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. Nyanya hakuzaliwa Mpadhola. Alikuwa Mteso wa Buteba, akaolewa Iyolwa akiwa msichana, akaacha lugha yake kwao. Miaka yote niliyolala ubavuni mwake sikumsikia akitamka neno moja la Kiteso, hata alipojikwaa. Na mjomba Owor, mwenye wembe, alitoka tumboni mwa mwanamke huyo huyo Mteso. Alijua. Watu wazima wote pale uani walijua.

Msiniambie ni mila. Kichwa kilichonyolewa kilihesabiwa katika ukoo, na kilichohesabiwa kingeweza kudai kipande cha shamba. Mjomba alikuwa analinda shamba lake dhidi ya mtoto wa miaka tisa. Na nyanya, mjane wa siku chache, angefungua mdomo, nani angefuata kuambiwa aende kwao?

Kwa hiyo alinyamaza, mimi nikadhani hanipendi. Mjomba sijamsamehe na sina haraka. Lakini kinachoninyima usingizi ni simu ile. Mwanamke aliyeogopa maisha yake yote kuambiwa si wa pale, mimi ndiye niliyetamka kuwa msiba wake si wangu, na yeye bado hajazikwa.