Floors Januarie na Ndege Waliosimama Ufukoni

Mjomba wangu Floors Januarie alikuwa mwizi wa mayai mwenye ruhusa ya serikali. Kila mwaka, mwezi wa pili, boti iliwachukua yeye na wanaume wenzake wa kijiji chetu, kaskazini ya Cape Town, ikawapeleka kisiwani kwa pengwini, na mwezi wa nane ikawarudisha. Kazi ya siku ya kwanza ilikuwa kuvunja. Walipita wakiponda kila yai walilolikuta, hata lenye kifaranga anayegonga ganda kutoka ndani, ili lolote litakalotagwa baadaye lijulikane kuwa bichi. Mjomba alisimulia haya mezani huku akitafuna.

“Ndege mjinga yule,” alisema. “Unamvunjia leo, siku mbili tatu, anataga tena.”

Miaka thelathini na minane alitembea na ufito wake wenye kikombe cha bati nchani cha kuchotea mayai, maana pengwini anauma kama koleo. Kisha serikali ikapiga marufuku. Ndege walikuwa wamebaki wachache, tena walitagia juani. Samadi ya ndege, waliyokuwa wakichimba mashimo ya viota vyao ndani yake, babu zetu walikuwa wameikwangua yote hadi mwambani, ikauzwa kwa wakulima. Alipotafutwa mlinzi wa kukaa kisiwani mwaka mzima, mjomba aliomba kazi hiyo mwenyewe. Nadhani alijuta, lakini kusema asingesema.

Mkewe, Lenie, hakumwonea huruma. “Umewala watoto wao mpaka meno yakakutoka, leo unakwenda kuwa yaya?”

“Mwizi ndiye anayejua mlango, Lenie.”

“Haya nenda. Wakikuuma, usinililie mimi.”

Mwaka ule wa kwanza alifanya kazi kama punda. Alibeba mawe na mbao za meli zilizovunjika, akawaezekea viota. Alishinda akifukuza shakwe wanaokula vifaranga. Kufikia mwezi wa kumi, ghuba iliyo chini ya nyumba yake ilikuwa na vifaranga sitini na zaidi, na kila nilipompelekea maji kwa boti alinipeleka kuwatazama.

“Hawa nataka waingie baharini kwa miguu yao,” aliniambia. “Wote. Mmoja akinifia, usinisemeshe.”

Mwezi wa kumi na moja ndege wakubwa walitoka majini wakiwa wanono, wakasimama ufukoni, wasirudi tena baharini. Manyoya yaliwatoka mafungu mafungu, kama godoro bovu. Vifaranga waliwafuata wakiwadonoa midomo, na hawakupewa kitu. Mjomba alivumilia siku tatu. Simu ya upepo ilikuwa pale kando ya kitanda chake, angeweza kuwauliza watu wa serikali bara. Lakini aliwajua ndege hawa miaka thelathini na minane, amuulize nani? Asichokumbuka ni kwamba aliwajua kuanzia mwezi wa pili hadi wa nane tu. Mwezi wa kumi na moja hakuna mla mayai aliyewahi kukanyaga pale.

Nilifika na maji, nikamkuta ameshika ubao.

“Wavivu hawa,” alisema. “Watoto wanakufa njaa, wao wamesimama kama wanamngoja mchungaji. Njoo tuwapeleke kazini.”

Nilimsaidia. Tuliwaswaga wale wa ghuba yake, kama mia moja, wakituuma na kulia, tukawatia majini. Waliojaribu kurudi tuliwapigia maji kwa makasia. Mpaka adhuhuri tulikuwa tunacheka. Kesho yake asubuhi mawimbi yaliwarudisha, wamekufa, na mjomba akaipiga simu ile.

Alikuja msichana wa serikali, Bibi Retief, nami ndiye niliyemvusha. Alimwita mjomba kwa jina kavu, mtu wa umri wa babu yake. Ndivyo Wazungu walivyotuita siku zile.

“Floors, nani aliwatia majini?”

“Mimi, bibi.”

“Wanabadilisha manyoya. Wiki tatu hawana koti, maji yanafika kwenye ngozi, baridi inawaua. Wewe hulijui hilo?”

“Sijawahi kuwaona mwezi huu, bibi. Nilitaka watoto walishwe.”

“Kifaranga wa kuchelewa hufa njaa, Floors. Mama yake anabaki, anazaa mwakani, anazaa miaka kumi. Sasa nani atazaa hapa?”

 Nilitaka kusema kuwa nilikuwepo, nikanyamaza, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Bibi Retief alikuwa na masanduku mawili tu. Alichagua vifaranga kumi na wawili wenye nguvu, wa kwenda kulishwa mjini. Waliobaki aliwatazama, kisha akamtazama mjomba.

“Hawa hawana mzazi wala nafasi. Waue leo hii, wasiteseke.”

“Bibi, naomba nirudi nyumbani. Mweke mtu mwingine.”

“Hakuna mwingine anayekubali kukaa hapa. Ukimaliza, safisha ufuko.”

Nilishuka kutoka botini nikamwambia mjomba tugawane kazi. Alinisukuma kifuani kwa kiganja.

“Kaa huko huko. Mikono yangu imezoea.”

Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Kisha akapiga magoti kwenye kiota kilichokuwa karibu na mlango wake, na kifaranga akamjia mwenyewe, mdomo wazi, akidhani amemletea samaki.